Uji Niliompelekea Jirani

Baba Neema,

Jumapili iliyopita, baada ya misa, nilimpoteza mtoto wetu. Hakupotelea barabarani. Najua nyumba aliyomo, najua hata kitanda anacholalia, kwa sababu nilikinunua mimi. Yuko kwa mama yako, mtaa wa Kacyiru, na mama yako amesema nisiende kumchukua mpaka maneno yapoe. Nakuandikia mbele za watu kwa kuwa huko kazini kwako Lubumbashi ujumbe wangu wa simu unausoma, kisha unakaa kimya. Hii barua wataisoma na wengine, labda watakuuliza.

Unakumbuka siku tuliyofika nchi hii? Neema alikuwa amelala juu yetu ndani ya basi, kichwa kwako, miguu kwangu. Tulipovuka Rusumo ulinibana mkono ukasema tumefika nyumbani. Nikakujibu umefika wewe, mimi nimekuja kutembea. Ulicheka, lakini hata wewe nyumbani hapo ulipajua kwa hadithi tu. Umezaliwa Karagwe, ukakulia Kahama kama mimi, na Kinyarwanda chako kilikuwa cha kuombea chumvi mezani.

Wiki ile ile tulisimamisha pikipiki, tukapanda wote watatu, mtoto katikati, kama tulivyozoea kwetu. Dereva alizima injini, akashuka, akasimama pembeni kutungoja. "Mama, hapa ni mtu mmoja, kofia moja." Kituo kizima kilitugeukia. Tukapanda kilima cha Kinyinya kwa miguu, Neema mabegani mwako, unaniambia kwa sauti ya chini kwamba leo wametujua. Nilikuwa naogopa siku ile pia. Ila woga wa watu wawili ukiugawa, kila mtu anabaki na nusu. Huu wa sasa nimeubeba mzima.

Miaka minne, Baba Neema. Nilianza na beseni la dagaa, natembea nalo mitaa ya Muhima, sijui hata kusema bei kwa lugha yao, naonyesha vidole. Leo nina fremu yangu ya duka na msichana wa kunisaidia. Hakuna aliyenishika mkono. Sasa fremu hiyo hiyo ndiyo ushahidi dhidi yangu. Wanauliza: mgeni anapandaje haraka hivyo, ana dawa gani?

Ngoja nikuambie kisa chote kwa mdomo wangu, maana najua kimekufikia kwa mdomo mwingine.

Mama Kezia, jirani tunayepakana naye ukuta, alijifungua. Nikafanya kama nilivyolelewa. Nikapika lita mbili za uji wa ulezi, Neema akanywa kikombe, nami nikanywa changu, uliobaki nikautia kwenye chupa ya chai nikampelekea. Nikammiminia, nikampa kwa mikono miwili, nikakaa nimtazame anywe. Akakishika tu kile kikombe. Mumewe akaniangalia mimi, kisha akaangalia uji. Mimi nikadhani ni haya ya mzazi. Nikamhimiza, nikamtania kwamba asipokunywa maziwa hayatatoka na mtoto atakuja kunyonya kwangu. Hawakucheka. Akanywa, kwa adabu, maskini.

Asubuhi yake walimkimbiza kituo cha afya, homa na kutapika. Muganga, daktari wao, alisema malaria. Akapewa dawa ya malaria, akapona kwa dawa ya malaria, wiki haijaisha yuko uani anaanika nepi. Watu watatu walikunywa uji wa sufuria moja, aliyeugua ni mmoja, na ugonjwa wake una jina. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaitoa. Mtaani kwetu haikutoka.

Msichana wa dukani ndiye aliyenieleza, akiangalia sakafu. Kwamba hapa anayempa mtu kinywaji huonja yeye kwanza, mbele ya macho ya mgeni. Usipoonja, unamwachia mwenzio wasiwasi. Na ukimlazimisha bila kuonja, hapo umejiandikia mwenyewe kwamba umetia sumu.

Ndipo nikamkumbuka baba yako, Mungu amrehemu. Kila mgeni aliyekanyaga kwenu Kahama, mzee alimimina, akanywa funda moja, ndipo akampa. Nikakuambia mzee wako mroho, hata chai ya mgeni haipiti salama. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Ulijua maana yake, Baba Neema. Ulinileta huku unajua. Ungeniambia neno moja tu siku ile, au siku nyingine yoyote, leo ningekuwa na mtoto wangu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda polepole, na hilo ndilo linalonitisha. Hakuna aliyenitukana. Salamu zilibaki, zikawa fupi. Kezia, mtoto wao mkubwa, aliyekuwa akila kwetu kama kwao, akaanza kusema ameshiba. Siku ya kuzaliwa ya Neema nilipika pilau ya watoto thelathini, wakaja wanne, wakacheza, wakaondoka na njaa yao. Neema alipakua sahani yake akala peke yake katikati ya chumba, ili wamwone.

Kisha, Jumapili hiyo baada ya misa, akaja mama yako. Alikuwa mpole. Akaniita mukazana, mkwe wake, kama siku zote, akasema mtoto akapumzike kwake kidogo, shuleni wanamsumbua. Nikamwekea chai. Nikakumbuka, nikaonja kwanza, mbele yake. Akanishukuru. Akazungumza nami habari za mvua, habari za bei ya viazi, habari zako, mpaka chai ikafanya utando, akanyanyuka bila kuigusa, akaondoka na Neema. Mwanamke aliyekula kwenye meza yangu miaka minne. Tangu siku hiyo sijaweza kuhesabu noti bila kurudia.

Juzi nilimpigia Neema. Akaniambia amekula, amesoma. Kisha akauliza, taratibu, kama mtu anayeuliza saa: "Mama, ulitia nini kwenye uji?"

Na yeye aliunywa.

Nilikupigia kabla sijalia. Ukasema, "Tuone kwanza." Tuone nini? Tangu hapo mama yako amezungumza nawe, ananiambia mwenyewe, na mimi sijakusikia. Kibali changu cha kukaa hapa kimesimama juu ya jina lako. Nyumba imeandikwa kwako. Siku ukiamua kwamba mimi ni mtu wa kuogopwa, sina pa kusimama nikimdai mtoto, na lugha ya kumdai ninayo nusu. Nimefika mahali naufungua mfuko wa ulezi uliobaki, naunusa.

Kwa hiyo sitaki pole, wala maelezo ya kazi, wala tuone. Nina swali moja. Unaamini nilitia kitu kwenye ule uji? Ndiyo, au hapana. Kama ni hapana, mpigie mama yako umwambie hivyo kwa sauti yako, na Neema awe mlangoni kwangu. Kama ni ndiyo, niambie mimi kwanza, kabla hujamwambia yeye.

Nakupa mpaka Ijumaa, saa kumi na mbili jioni. Saa ya huko na ya huku ni moja, usije ukasema ulikosea. Ikipita bila jibu, nitahesabu ni ndiyo, na Jumamosi nitakwenda Kacyiru peke yangu.

Ni mimi, Mama Neema. Hilo halingoji jibu lako.