Mtoto Aliyepigiwa Magoti

Mjukuu wangu Nabwire,

Huku Dabani tuko wazima. Babu yako anakohoa kidogo, na yule ng'ombe mweusi amezaa. Juzi kwenye simu uliniuliza: ukimaliza chuo cha unesi, itakuchukua muda gani kuzoea wodi ya wazazi?

Nilikuwa nesi mchanga kwenye zahanati moja ya Busia. Siku ya soko aliletwa muuza vitunguu kutoka upande wa Kenya, uchungu umemshikia sokoni. Mtoto wa kike akatoka kimya. Nikamsafisha mdomo, nikamsugua kwa taulo, nikampulizia hewa. Wapi! Nikaendelea tu. Ghafla akalia, na akalia bila kunyamaza, hata titi akalikataa.

Mama mkwe wa yule mzazi, aliyemleta, akaanza kuita majina ya marehemu wa ukoo wao, moja moja, kama tufanyavyo sisi Wasamia, mpaka mtoto akubali lake. Mtoto analia tu. Ndipo mzazi mwenyewe, pale kitandani, akataja polepole jina la marehemu mama yake: "Nafula."

Mtoto akanyamaza. Akashika titi.

Mama mkwe akapiga magoti sakafuni, akamwamkia mtoto kama tunavyowaamkia wakubwa: "Mulembe, mama. Karibu tena." Nikajikuta nami nimepiga magoti, taulo mkononi.

Sijui niliona nini siku ile. Nimezalisha wengi baadaye, na kila mmoja alipolia, nilitaka kupiga magoti tena.

Kuzoea? Waulize wengine, mama. Mimi bado.

Bibi yako