Mashine Imemjazia Mtoto Umri

Mpendwa mshauri, naomba msaada. Mimi naandika programu za kompyuta, na kazi hii nilitafutiwa na shemeji yangu, mume wa dada, ambaye ndiye mkuu wetu kazini na kwake ndiko ninakolala. Programu yetu inachapa vibandiko vya dawa hospitalini, unaipa jina la dawa na umri wa mgonjwa, yenyewe inaandika ameze kiasi gani, sasa shemeji aliifanya umri usiwe lazima, usipoutaja inachukua miaka thelathini, sisi tunaita thamani chaguo-msingi, na inaendelea zake bila hata kuguna, na wagonjwa walipokuwa watu wazima watupu hakukuwa na neno, lakini juzi tumefungua ukurasa wa wodi ya watoto na mwenzetu aliyeuandika hakuufanya uipe programu umri wa mgonjwa, programu haikulalamika, angejuaje? Jana mfamasia kanipigia anacheka, eti kibandiko cha mtoto anayenyonya kimetoka "vidonge viwili mara tatu", akakichana, akasema mashine yenu imelewa. Nikamwomba shemeji tuiondoe hiyo thamani, akasema, "Shemeji, ukiiondoa kurasa zote zitagoma na nitakayeulizwa ni mimi. Mfamasia si ana macho? Tutarekebisha taratibu, usinitie aibu." Dada naye ananisihi nisimvunjie nyumba. Nifanyeje?

Ni mimi, Roho Juu

Roho Juu, pole sana mwanangu. Pole imeisha, sasa sikiliza.

Eti mfamasia ana macho! Na siku foleni ikifika mlangoni, atasoma kila kibandiko? Shemeji yako anaogopa kurasa zitagoma. Acha zigome! Ukurasa ukigoma muuguzi atapiga kelele, mtatukanwa, na umri utajazwa. Huu wenu unakubali kila kitu, na kimya kingi kina mshindo mkubwa. Kujijazia si dhambi. Mashine ikidhani unataka nakala moja kumbe unataka mbili, nani ataumia? Lakini umri wa mgonjwa haudhaniwi hata kidogo, asiyeujua aulize.

Na usijifiche nyuma ya dada yako. Unampenda, sawa, lakini mtoto wa watu naye ana mama. Ukifukuzwa kazi utalia, utatafuta nyingine. Heri lawama kuliko fedheha.

Anza na mfamasia. Mwambie vibandiko vya wodi ya watoto visitumike kabisa, waandike kwa mkono. Ukishakata simu ndipo umweleze shemeji, kwa heshima zote, kwamba umeshasema. Ukianza na yeye atakubembeleza, nakujua. Kisha fanyeni umri uwe lazima, mpitie kurasa zenu mmoja baada ya mwingine.

Ningempigia mimi mwenyewe, tangu niisome barua yako simu iko mkononi. Lakini hukutaja ni hospitali gani, na mimi siwezi kubahatisha. Unayeijua ni wewe. Piga.