Timu Yetu na Vyuma vya Nyuma ya Goli

Nyumbani, chumba cha mbele,
Jumapili alasiri, tarehe 3 Mei.

Mpendwa kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi ulichonieleza kimeanza kukuacha ulale. Wifi hajambo? Sisi huku tupo. Mama magoti bado yanamsumbua, ila ulimi wake hauna ugonjwa wowote, unamjua.

Siku hizi nashona huku akili yangu iko kwenu. Juzi nilimkatia mteja suruali yenye miguu miwili ya kushoto kwa sababu nilikuwa nawaza mabeki wetu watajipangaje. Wiki tano zimebaki mashindano yaanze huko kwenu. Nikifumba macho kidogo mbele ya cherehani naiona timu yetu ikitoka uwanjani polepole, jezi zimepigwa pasi, jua liko mabegani mwao, na watu wote wa huko wamenyamaza kuwatazama. Mpaka uzi unakatika ndipo nashtuka.

Ngoja nikupe maoni yangu, maana hapa nyumbani hakuna anayeyataka. Kundi letu si la mchezo. Wenyeji wenu wana mbio, lakini wakifungwa mapema wanaanza kugombana wenyewe kwa wenyewe. Mabingwa watetezi wamezeeka. Yule kiungo wao anatembea uwanjani kama mtu aliyedondosha ufunguo, na tatizo ni kwamba huwa anauona. Hao wa visiwani kila mtu anawadharau, na mimi ndio ninaowaogopa kuliko wote. Wanafungwa huku wanacheka. Timu ya namna hiyo utaitia hofu kwa kitu gani?

Sisi tuna golikipa tunayemwita Pazia, kwa kuwa zamani upepo kidogo tu ulimfungua. Mwaka huu ametulia. Mawingu naye, mshambuliaji wetu, bado anapeleka mipira juu, lakini ameanza kuishusha. Nasema tutatoka sare na wenyeji, tutawafunga wa visiwani moja bila kwa taabu, na kwa mabingwa, kaka, hapo naachia ndoto ifanye kazi yake. Wateja wananicheka. Wacha wacheke.

Sasa lililonifanya niandike leo ni la Baba.

Tangu ulipoiacha karakana yake ukaenda kuchomelea vyuma vya watu wengine, ni mwaka wa sita huu hajataja jina lako, na alikukataza hata kumpigia simu. Mpira nao hakuwahi kuupenda. Basi ile barua yako ya mwisho, uliposema vyuma vya kujishikia kwenye jukwaa la nyuma ya goli la kaskazini, katika uwanja wa mashindano, umevichomelea wewe kwa mkono wako, nilimsomea Mama sebuleni kwa sauti ya kumfikia mtu aliyeko bafuni. Nisamehe, nilikusudia.

Jumamosi iliyofuata wenyeji wenu walicheza pale mechi ya kujipima nguvu. Tulipowasha televisheni, Baba akaja na kiti chake, akakaa. Mpira ukiwa katikati anaangalia kucha zake. Ukielekea goli lile anainuka na kusogea mpaka pua inakaribia kioo. Nikafurahi kwamba hatimaye mpira umemnasa.

Kumbe sivyo. Wenyeji walipofunga, mashabiki walimiminika mbele na kuviegemea vile vyuma, mamia ya watu wakirukaruka. Baba alibana ukingo wa meza ya televisheni mpaka mishipa ikamtoka. Watu walipotulia na vyuma vikawa palepale, alirudi nyuma taratibu, akasema, "Vimeshika." Mama akamuuliza vimeshika nini. Akaomba chai.

Tangu siku hiyo ndoto yangu imebadilika. Naona fainali, sisi tumo, na Baba amesimama nyuma ya goli lile, viganja vyake vimetulia juu ya chuma ulichokichomelea, nawe uko pembeni yake. Mechi yenyewe siioni vizuri. Nakwambia kweli, nikipata hilo, kombe waende nalo hata hao wa visiwani.

Msalimie Wifi sana, na yule fundi rangi mnayekaa naye. Mama anakusalimu. Shangazi anakusalimu. Jirani yetu kinyozi naye anakusalimu, na anasema hatutafunga hata goli moja, kwa hiyo hastahili salamu za kurudi. Mungu akulinde huko juu ya ngazi, ayatunze macho yako na moto wa kazi, na akufungulie njia ya kuja kutuona.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Fundi Cherehani.

N.B. Baba ameingia sasa hivi nikiandika anwani kwenye bahasha. Anasema nikuandikie upige simu, ana swali kuhusu yale maungio ya vyuma, na ni la kazi tu. Nikamnyooshea simu yangu akupigie yeye hapa hapa. Amekataa, anasema andika, barua itampa mtoto muda wa kufikiri. Kisha akafika mlangoni, akageuka, akaniuliza huko uliko sasa hivi ni saa ngapi.