Kitabu Alichonipa Shija

Jumatatu, 5 Mei
Nimemaliza kusahihisha madaftari ya darasa la tano. Nimekula ugali na dagaa, kisha nikashika kitabu alichoniletea mchumba wangu Shija. Riwaya mpya ya mapenzi, jalada linang'aa. "Soma, mwalimu. Mle ndani utaniona." Mpaka sasa sijaona kitu. Jerry tajiri, Naima mrembo, mvua inanyesha, wanagongana mlangoni mwa benki. Chai isiyo na majani. Ila ng'ombe wa mahari wanaletwa tarehe 17, na baba ameshapanua zizi kule kijijini Nkololo. Basi nasoma kwa adabu.

Jumatano, 7 Mei
Jerry anamfuata Naima kazini, sokoni, kanisani. Ukurasa huu Naima anakasirika, unaofuata ameshalegea. Mwandishi anaita hayo mapenzi. Mimi ningeita polisi. Nimecheka peke yangu.

Shija kapiga kutoka dukani kwake, anauza dawa za pamba. Anataka kujua nimefika wapi. "Bado," akasema. "Ngoja ufike kwenye ufunguo."

Ijumaa, 9 Mei
Nimefika. Jerry kachongesha ufunguo wa chumba cha Naima kwa siri. Naima anarudi, anamkuta kitandani na maua. Anapiga yowe, halafu anamkumbatia. Sura imeisha! Kitabu cha hovyo kabisa.

Kisha nikakumbuka. Wiki iliyopita Shija aliazima ufunguo wangu aniingizie gunia la mchele nikiwa darasani. Aliurudisha jioni.

Naogopa.

Jumapili, 11 Mei
Nimetoka kanisani. Mlango umefungwa kama nilivyouacha. Kitandani maua ya plastiki, mekundu. Nimeangalia uvunguni, nyuma ya pazia, hata ndani ya pipa la maji. Hakuna mtu. Ujumbe ukaingia kwenye simu: "Umeniona sasa?"

Nimetoka mbio.

Nimemweleza mama mwenye nyumba. Kacheka mpaka akashika mbavu. "Mayu, mama, wenzako wanatafuta wa kuwapenda hivyo!"

Jumatatu, 12 Mei
Nimebadilisha kitasa. Jioni Shija kaja, kakitazama. Katabasamu tu, akauliza nimefika sura ya ngapi. Nikaficha mikono ndani ya kanga.

Jumatano, 14 Mei
Nimemaliza. Harusi. Naima analia kwa furaha. Hakuna aliyemuuliza Jerry lolote kuhusu ufunguo. Upuuzi mtupu, na mimi naogopa mlango wangu mwenyewe.

Alhamisi, 15 Mei
Nimeomba ruhusa shuleni, nikachukua bodaboda hadi Nkololo. Nilimkuta baba zizini. Nilitaka kumwambia habari za Shija, nikaona aibu. Nikamsimulia kitabu badala yake. Baba hajawahi kusoma riwaya. Alisikiliza kaegemea fimbo, kama anasikiliza kesi ya ng'ombe waliokula mahindi ya jirani. Nilipofika kwenye ufunguo akanikatiza.

"Na watu wa kwao huyo binti walikuwa wapi?"

Nikatafuta kichwani. Hawamo. Naima hana baba, hana shangazi, hana hata jirani. Kitabu kizima yuko peke yake. Nikaanza kulia.

Baba alinitazama. "Mwanangu, huyo ni Shija?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Ng'ombe zake asilete."

Jumamosi, 17 Mei
Hawakuletwa. Shija kapiga simu tangu asubuhi. Baba kaichukua simu yangu. Kila ikiita anapokea, anasalimia vizuri kwa Kisukuma, "Mwangaluka," anakata. Ningecheka kama si woga. Tumerudi kwangu Bariadi pamoja. Kaja na kirago chake.

Jumatatu, 19 Mei
Baba kalala mlangoni, kwa ndani. Asubuhi nilishavaa, mkoba begani, yeye bado anakoroma. Mzazi harukwi. Nikasimama pale nikimsikiliza. Nje watu walipita wakienda sokoni, na sikushtuka. Nikavua viatu, nikakaa chini nimsubiri aamke.

Nimekosa kipindi cha kwanza. Mwalimu mkuu kauliza sababu. Nimemwambia baba alikuwa amelala mlangoni.