Maelezo ya Shahidi Kuhusu Mafaili ya Wagonjwa Yaliyopelekwa Kwenye Seva ya Nje

Jina: limehifadhiwa kwa ombi la shahidi. Umri: miaka 41. Kazi: mtunza kumbukumbu, kliniki ya mishipa ya fahamu. Makazi: nyumba za nyuma ya kituo cha zimamoto.

Nimeonywa niseme kweli. Sina cha kuficha, afande, kilichofichwa kimeshatoka.

Mnamo tarehe 6 mwezi huu, Jumanne asubuhi, nilikuwa ofisini nikihamisha mafaili ya wagonjwa kutoka mfumo wa zamani kwenda mpya. Programu ya kuhamishia hutaka uijazie mipangilio: anwani ya seva, namba ya poti, jina la mtumiaji na nywila. Nikajaza, ikagoma. Nikarudia, ikaandika tena: "Imeshindwa kuunganishwa." Nikampigia shemeji, mume wa mdogo wangu, fundi wa kompyuta. Akasema, "Usihangaike shem, nakuja."

Alipofika nilimpisha kiti, nikampa nywila, nikaenda kumchemshia chai. Jamani, shemeji utamsimamia mgongoni kama mwizi? Niliporudi programu imeandika "Imeunganishwa," mafaili yanapita. Nikamshangilia. Chai yangu akainywa yote, akaomba na nyingine.

Mchana nikafungua mfumo mpya. Mtupu! Nikampigia. "Subiri shem, inachelewa kusoma." Nikasubiri mpaka kesho yake, uvumilivu ukanishinda, nikafungua mipangilio mwenyewe. Anwani haikuwa ile iliyobandikwa kwenye seva yetu. Mafaili yalikwenda kwenye mashine nyingine, nje ya kliniki. Penye jina la mtumiaji paliandikwa "kibonge." Hilo ni jina la utani nililompa mimi binti yake, alipozaliwa na mashavu yale. Nikamweleza daktari mkuu, naye akatoa taarifa hapa kituoni.

Siku iliyofuata wagonjwa wakaanza kupigiwa simu na wauza dawa, wanatajiwa maradhi yao. Mdogo wangu naye akapigiwa. Anatibiwa kifafa kwetu tangu hajaolewa. Mumewe hakujua, katika familia nilijua mimi tu. Nadhani yule bwana hata hakusoma alichokiuza. Kikulacho ki nguoni mwako, na huyu mimi ndiye niliyemvika nguo.

Mdogo wangu alinipigia akasema, "Dada, nilikwambia wewe tu." Akakata. Tangu hapo hapokei simu zangu. Mumewe amemwambia mimi ndiye niliyekosea mipangilio, na anamwamini, kwa kuwa fundi ni yeye. Inaniuma, afande. Nimemlea yule.

Niliyoyasema ndiyo haya. Nimesomewa na nimeyakubali.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maelezo ya mpelelezi: Shahidi ameomba mdogo wake aitwe asomewe maelezo haya. Nimemweleza kuwa upelelezi ukiendelea hairuhusiwi. Amesema atasubiri. Yupo kwenye benchi la mapokezi.