Damu yangu ya kijana

Ijumaa, kisha magaribi

Arobaini ya bibi yangu Mwajuma, mama ya Asha, imeisha leo. Watu wamekula, wamerudi kwao.

Siku ile tulienda hospitali, mbele afe, munganga alipima damu yetu wote wawili. Akasema: «Baba, proteini ya damu yako, yenye inaonyesha umri wa mwili, iko ya kijana. Ya mama imeshuka, moyo wake umezeeka. Abaki hapa, tumutunze.»

Nikamujibu: «Anatwanga muhogo kila siku. Ugonjwa iko wapi?» Nikamurudisha nyumbani. Nilitangulia, nikijisifu katika soko muzima: damu ya kijana! Mwajuma akaita nyuma: «Baba Asha, polepole basi.» Sikugeuka.

Munganga alikuwa mumoja, kinywa kimoja. Neno la damu yangu nilikubali. La Mwajuma nikakataa.

Sasa damu hii ya kijana itanikalisha siku nyingi katika nyumba yenye haina Mwajuma.