Nilichemsha Maji ya Betri, Mwenzangu Akafukuzwa

Mpendwa mshauri, amani ya Bwana iwe nawe. Naomba msaada wako, kwa kuwa mimi niliyezoea kuwaombea wengine, sasa nikipiga magoti sipati la kusema.

Mimi ni mwinjilisti mstaafu wa miaka sitini na minane, katika kijiji kilicho karibu na Sepuka, na kwa miaka minne nimekuwa mwenyekiti wa kamati ya umeme wetu wenyewe, maana nguzo za serikali hazijatufikia, nasi kwa msaada wa wafadhili na nguvu za mikono yetu tulisimamisha mashine ya upepo kilimani, tukaweka vibao vya jua juu ya paa la zahanati na betri ishirini na nne za kutunza umeme huo, ukawasha taa katika nyumba thelathini na kuendesha friji ya chanjo. Fundi wetu alikuwa Antipasi, mtu wa Itigi aliyeoa hapa kwetu, naye tangu mwanzo alituonya kwamba betri zisiongezwe maji mengine ila maji ya betri yanayouzwa mjini. Kiangazi cha mwaka jana alikwenda kwao kumuuguza mama yake, akakaa miezi miwili, maji ya betri yakatuishia, nami nikiona betri zinakauka nikachota maji ya kisima chetu, nikamwambia mke wangu Dorkas ayachemshe mara mbili na kuyachuja kwa kitambaa cheupe, kama tunavyowaandalia wageni wa kanisa maji ya kunywa, nikayamimina kwa mkono wangu mwenyewe huku nikiomba, nikiamini kwamba maji yaliyochemshwa ni maji safi.

Antipasi aliporudi alikuta betri haziwezi tena kutunza umeme. Watu wakasema kabla ya kusafiri aliiba asidi ya betri na kuwauzia wenye malori wa Shelui. Mkutano wa kijiji ukaitishwa, naye akasimama akanigeukia mbele ya wote.

"Shikamoo mzee. Wewe ndiye mwenye ufunguo wa chumba cha betri. Kuna mtu aliongeza maji nikiwa Itigi?"

Nikajibu, "Sina habari."

Nilijiambia kwamba maji yangu hayakuwa na neno, basi kuyataja kungewachanganya watu tu. Wakamfukuza siku ile ile, akaondoka kurudi kwao Itigi na mkewe Anastazia, ambaye ni mjamzito, wamejitwika godoro na vyombo, na baadhi ya waumini niliowabatiza wakawazomea hadi barabarani.

Wiki moja baadaye nilimkuta Dorkas akikwangua sufuria ile, chini yake pana ukoko mweupe wa chumvi, akaniuliza bila kuinua macho, "Baba Peniel, na chumvi iliyobaki ndani ya maji ilikwenda wapi?" Tangu hapo hatujalizungumza, ila kila akimaliza kuosha vyombo hunitazama.

Sasa muuguzi wetu Marietha amerudisha chanjo mjini na anazalisha akina mama kwa kibatari, na katika siku hizi za soko huria mfanyabiashara mmoja, Gasto, anataka kuzinunua betri zetu apate madini ya risasi yaliyomo, kisha atuuzie umeme wa jenereta yake kwa bei atakayopanga yeye, na kijiji kitampa jibu mwisho wa mwezi ujao. Panga za mashine bado zinazunguka mchana kutwa, upepo haujapungua, na umeme wake hauna pa kukaa. Naogopa kusema na kuzikwa bila heshima, naogopa zaidi kufa nikiwa na neno lile kinywani. Nifanye nini? Jina langu usilitaje.

Mzee, karibu na Sepuka

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Nimekuonea huruma, lakini kwa maji yale sikulaumu sana. Hukujua kwamba kuchemsha huua vijidudu na kuiacha chumvi humo humo, na wasomaji wengi hawajui. Ila ulipoulizwa, ufunguo ulikuwa mfukoni mwako na jibu ulikuwa nalo, ukamwacha mgeni abebe lawama. Wala usiniambie habari za heshima ya maziko yako, wakati Anastazia anasubiri kujifungua akiitwa mke wa mwizi.

Usianze na mkutano. Panda basi uende Itigi pamoja na Dorkas, ambaye umembebesha mzigo huu bila kumuuliza, mkamwombe Antipasi radhi mbele ya mama yake. Usimtume mchungaji, wala usimwandikie. Umekwisha kuandika barua moja na inatosha. Akikufungia mlango, kubali. Halazimiki kukusamehe.

Kisha rudi, uitishe mkutano kabla Gasto hajapewa jibu, useme yote, pamoja na yale maneno mawili uliyomjibu. Weka ufunguo mezani na uache uenyekiti hapo hapo.

Kuhusu betri, sitakupa tumaini nisilokuwa nalo. Huenda zote zimekufa. Hata hivyo zisiuzwe kabla ya kupimwa moja moja na fundi anayezijua, na fundi huyo mnamjua. Asipokubali kuja, tafuteni mwingine mjini. Mashine ya upepo haina kosa, msiiguse.

Nimelificha jina lako kama ulivyoomba. Siku ya mkutano chukua gazeti hili, uisome barua yako kwa sauti, na uanze kwa kutaja jina.